Mifustaki ya Wattaya

Mti wa kwanza kuugua ulikuwa ule wa karibu na jiko. Baba aliuona asubuhi kabla ya chai, akachuma majani mawili, akaja nayo ndani akayaweka juu ya mkeka mbele ya mama.

"Tazama," akasema.

Mama akayageuza kwa kidole. Yalikuwa madogo kuliko inavyotakiwa wakati ule wa mwaka, rangi yake imepauka, na pembeni yamekauka kama karatasi iliyosahauliwa juani. "Yana nini?"

"Kiu tu. Joto limeanza mapema."

Basi tukanywa chai. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mama kama kawaida yangu, nikayatazama yale majani mpaka yalipofagiliwa, wala sikuona ajabu. Kila kitu cha Wattaya kilikuwa na kiu.

Sasa nina miaka kumi na saba na nimetaka kuyaandika haya kabla watu wengine hawajanisimulia kwa namna yao. Tulikuja mwaka wa sitini na nne. Yaliyotutoa Unguja siyaandiki. Kila mgeni anayekuja kwetu huyasema, na mimi hupeleka kahawa nikatoka. Yangu ni haya tu: baba alikuwa na shamba la mikarafuu alilorithi kwa baba yake, na mimi nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, naandika insha ikasifiwa, lakini nikiambiwa niisome mbele ya darasa sauti haitoki. Tulipofika Maskati shamba halikuwapo, na skuli ya wasichana wa umri wangu haikuwapo. Baba hana mtoto mwingine. Tukawa tunashinda pamoja, yeye na mimi, kama watu wawili walioachishwa kazi siku moja.

Nyumba ya hapa Wattaya, nje ya Maskati, na bustani yake ni ya mjane wa ami yake baba. Mimi namwita Bibi. Ni Mwajemi wa Kirmani. Ami alimwoa huko katika safari zake za biashara, akakaa naye Unguja miaka mingi mpaka akakijua Kiswahili, kisha wakahamia Maskati kabla mimi sijazaliwa. Bibi anakaa Matrah, miguu inamuuma, hapandi gari ila kwa lazima. Bustani ilikuwa na mitende kama bustani zote za jirani, lakini kando ya nyumba palikuwa na miti sita ambayo Wattaya nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Ilikuwa mifustaki, ile inayozaa fustaki, kokwa za kijani tunazozijua kwenye halua ya harusi. Mbegu zake aliletewa Bibi na kaka yake kutoka kwao. Mitano majike na mmoja dume, maana mfustaki ni kama mtende, pasipo dume jike halizai.

Watu wa Wattaya walikuwa wakiicheka. Mfustaki unataka baridi ya kweli, ya maji kuganda, na baridi ya Maskati ni ya kujitanda shali tu. Mwaka mmoja hutoa konzi mbili tatu za fustaki, mwaka mwingine makapi matupu, mwingine hakuna kitu. Bibi hakujali. Siku aliyompa baba funguo alimwambia, "Mitende itajitunza. Hii niangalilie kama wanangu." Na Bibi hakujaliwa kuzaa.

Baba aliyachukua maneno yale kama yalivyotamkwa.

Kitu kingine cha kujua ni Kuwaiti. Mjomba wangu, kaka yake mama, alitangulia huko akapata kazi ghalani, na kila akipatikana mtu wa kuja huku alimwagizia maneno: shemeji aje, nafasi ipo. Wanaume wengi wa pande zetu walikuwa wamekwenda. Kutoka kulikuwa na taabu yake, lakini kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Wenye amri hawakuwapenda watu waliokwishatoka, na wako waliokaa miaka hawajaruhusiwa kuwaona wake zao. Baba kila mara alirudisha jibu lile lile: "Mwambieni nitakwendaje, nami nna miti ya watu mkononi?" Alilisema kwa fahari, mkono juu ya goti. Nililipenda jibu lile kuliko dua. Maadamu miti ipo, baba yupo.

Maji ya Wattaya wakati ule yalikuwa ya falaji, mfereji unaotoka chini ya majabali ukapita bustani zote, na kila mwenye bustani ana zamu yake. Zamu watu wa hapa hawaichezei. Nimewasikia ndugu wa baba mmoja wakigombana kwa kivuli cha kijiti cha kupimia zamu kilichovuka alama. Lakini majira ya baridi mitende haina haja ya maji mengi, na hapo mtu mwenye moyo humpa jirani zamu yake kama hidaya. Mwaka ule tuliofika, wenye kupewa tulikuwa sisi. Walikuwa wamesikia yaliyotupata, na hawakuwa na maneno ya kutupoza, kwa hiyo walitupa maji.

Jirani wa upande wa juu, mzee mnene mwenye mizaha, ndiye aliyeanza. Alikuja mpaka ukutani akaita kwa Kiarabu, akimtaja baba kwa nchi tuliyotoka, "Ya Zinjibari, toka. Maji yangu ya leo ni yako. Usiniambie hutaki, mke wangu ameshanisifu."

Baba akatoka akamshukuru, wakashikana mikono muda mrefu. Siku nyingine akaja mwingine, na mwingine tena. Kumkatalia mtu maji aliyokupa ni kama kumrudishia sinia ya chakula na kitambaa chake juu. Na kusema kweli, baba hakutaka kukataa. Alikuwa mtu wa karafuu. Kwake yeye shamba zuri ni lile ukiingia unahisi ubaridi wa udongo nyayoni. Mkarafuu unapaliliwa, unalaziwa majani shinani ili unyevu usikimbie, hivyo ndivyo babu alivyomfundisha, na hivyo ndivyo tulivyofanya Wattaya. Tulizoa samadi ya mbuzi, makuti na tope la mfereji, tukairundikia mifustaki majike shinani mpaka kufika magoti yangu. Tukaizungushia kingo za udongo, kila mti na birika lake, maji yakija yanatuama humo. Baina ya miti mama akapanda biringani na tungule.

Baba alikuwa akivua viatu akaingia miguu mitupu, akasimama tu.

"Sikia," akaniambia siku moja. "Udongo huu si wa jangwa tena."

Nikaingia na mimi. Tope lilikuwa baridi mpaka vifundoni. Tulisimama pale baba na mwana, na nilijua yuko wapi. Hakuwa Wattaya.

Majira mawili ya baridi yalipita hivyo, na miti haikulalamika. Ndiyo maana mwaka wa tatu, majani yalipopauka, hakuna aliyefikiria maji. Tulifikiria kiu. Tukaongeza.

Mti wa jikoni ukazidi. Vitawi vya juu vikakauka, majani yakabaki yananing'inia bila kuanguka. Kisha mti wa pili, kisha wa tatu. Mama akaanza kufukiza ubani jioni, anazunguka mti kwa mti na chetezo.

"Watu wametutilia jicho," akasema.

"Watu gani? Hao wanaotupa maji yao?"

"Ndio hao hao wanaoingia ndani wakaona. Wa mbali atatutilia jicho kwa darubini?"

Baba hakucheka. Alikuwa na hofu yake nyingine. Unguja kulikuwa na ugonjwa wa mikarafuu, mti leo mzima na baada ya muda mfupi umekauka wote na majani yake. Alipokuwa kijana aliona safu nzima ya babu inakwenda namna ile, na babu akakaa barazani hataki kula. Nilimsikia akimwambia mama, "Isije ikawa umenifuata." Alisema kama ugonjwa ni mtu aliyepanda meli pamoja nasi.

Majirani nao waliona. Na hapo ndipo walipofanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Joto lilikuwa limeshaingia, kila mtu anahesabu tone lake, na wao wakatupa zamu zao wakati ule ule, wakiona majani yanakauka wakadhani miti inakufa kwa kiu. Yule mzee mnene alikuja jasho linamtoka akasema, "Mitende yangu imezaliwa na kiu, itastahamili. Wape wagonjwa wako." Baba alifungua mfereji macho yamemlenga machozi.

Mimi ndiye niliyeona shina. Nilikuwa nachuma tungule, nimeinama, nikaona juu kidogo ya ile samadi gome limekuwa jeusi na limelowa, na juu yake matone ya utomvu yametoka kama asali, mengine yamekwisha kuwa meusi. Niligusa. Yalinata, na harufu yake ilikuwa ya ndimu za achari zilizoharibika. Nilimwita baba. Akachutama, akagusa, akanusa kidole. Akanyanyuka akaenda kunawa.

"Mwite Bibi," mama akamwambia usiku ule.

"Nimwite nimwambie nini?"

"Mwambie wanawe wanaumwa. Kwani mtoto akiumwa mama'ake haambiwi?"

Baba hakuweza. Mama ndiye aliyepeleka maneno Matrah kwa mtu mwenye gari, na Bibi akaja siku ya pili, amevaa barakoa yake, ameshikwa mkono huku na huku. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye miti, akasimama, akaangalia yale marundo na yale maji yaliyotuama.

"Nani kawazika wanangu?" akauliza.

Nilijificha nyuma ya mlango wa jiko, nikawa naona kwa ufa.

"Niletee kiti. Na wewe," akamwambia baba, "shika beleshi. Ondoa hiki chote, lakini polepole, usimjeruhi."

Baba akafukua. Akaondoa samadi, akaondoa tope, akaendelea mpaka shina likaonekana lote na mizizi ya juu ikaanza kutokeza. Chini ya ule udongo gome lilikuwa laini kama ngozi ya ndizi iliyooza. Bibi akaomba kisu. Akakuna kidogo, vikatoka vipande vya kahawia vyenye maji. Akakuna zaidi, bado kahawia. Akazunguka upande wa pili akainama kwa shida. Kahawia.

"Huu umekwisha," akasema. "Umezungukwa shingo."

Ndipo akatueleza. Alisema kwa Kiswahili chake chenye mikato, huku anaelekeza kwa ncha ya kisu. Pale shina linapoingia ardhini ndiyo shingo ya mfustaki. Ni mti wa nchi kavu, mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, lakini shingo inataka jua na upepo. Shingo ikikaa majini, na hasa majira ya baridi wakati mti umelala haunywi, inaingia kuoza. Kuoza kukizunguka shina, maji hayapandi tena. Majani yanakauka juu kwa kiu na huku miguu imo majini, na mwenye mti akiona majani yamekauka anaongeza maji.

Baba alikuwa amesimama na beleshi, tope mpaka magotini. "Nimeiua mimi," akasema.

"Umeitunza kama karafuu." Bibi hakuinua sauti. "Nilikaa Unguja mimi. Nilimwona ami yako akirundika majani hivi hivi. Ilikuwa nikwambie, sikukwambia. Nilidhani mtu wa shamba ni mtu wa shamba. Sote wawili wajinga, tutagawana. Haya, mti wa pili."

Tukafanya kazi siku ile na iliyofuata, maana Bibi alilala kwetu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tena. Mimi nilitoka nyuma ya mlango kwa sababu mikono ilikuwa haitoshi. Kila shina tulilifukua tukaacha shimo wazi kulizunguka ili jua lifike. Palipooza tukakuna kwa kisu mpaka kufikia ubao mweupe na gome lenye kijani hai pembeni, na kila tukihama mti tulikichoma kisu motoni kwanza, tusihamishe maradhi. Vipande vyote tulivikusanya juu ya gunia tukavitia moto. Kisha Bibi akamtuma mtu sokoni kuleta mrututu na chokaa. Mrututu nilikuwa naujua wa kutia vidondani, yale mawe ya buluu. Tukauponda, tukauloweka katika mtungi wa udongo, maana alisema ukitiwa chombo cha chuma unakila, tukachanganya na chokaa mpaka ukawa uji wa rangi ya mbingu. Nikaupaka mashinani kwa kipande cha kumbi. Vidole vyangu vilikaa buluu muda mrefu.

"Huyu binti haongei?" Bibi akauliza.

"Anaandika," akasema mama.

"Afadhali. Basi hatanibishia."

Kingo za mabirika tulizivunja. Badala yake baba akachimba mfereji mwembamba mbali na shina, pale kivuli cha matawi kinapoishia, na amri ya Bibi ikawa maji yapite humo tu, mara moja kwa kitambo kirefu, mengi ya kuzama chini, kisha udongo uachwe ukauke mpaka upasuke. Na baridi ikija, yasipite kabisa. Mwisho akageukia vipando vya mama.

"Na hivi ving'olewe."

"Biringani zangu zimekosa nini?" mama akauliza.

"Zina maradhi yao yanayokaa udongoni, hizo na tungule. Yakimwingia mfustaki mizizini anakauka upande mmoja. Hawakai nyumba moja."

Mama aling'oa biringani moja moja, anazipangusa udongo kama anaziomba radhi, na jioni tulikula biringani changa kuliko zote nilizowahi kuona.

Mti dume ndio uliokuwa mzima. Ulikuwa pembeni juu ya changarawe, mahali palipoinuka, maji ya mfereji hayakuwahi kuupanda, na baba alikuwa akiuonea huruma siku zote kwamba haupati kitu. Bibi aliugonga kwa kisu, akakuna, kukawa kijani safi. Akautazama kwa kitambo.

"Wengine je, watapona?" baba akauliza.

"Wawili wamekwisha. Watatu sijui." Akafuta kisu kwenye nguo. "Kwa baba yangu Kirmani tulipaka kama hivi. Wengine walipona, wengine tulikata kuni. Sikudanganyi."

Alipoondoka, baba aliniita akaniambia tugawane: yeye ataangalia maji, mimi niangalie mashina. Kila asubuhi niende na kisu, nikune kidogo pembeni ya lile jeraha, nimwambie ni kijani au kahawia. Nadhani aliogopa kutazama mwenyewe.

Lililobaki lilikuwa majirani. Yule mzee mnene alikuja tena na zamu yake, na mimi nilikuwa ukutani upande wa ndani, nikasikia yote.

"Ya Zinjibari, nimekuletea maji."

"Mungu akulipe, ami," akasema baba, akimwita hivyo kwa heshima. "Leo sitayachukua."

"Chukua, usione haya."

"Sioni haya. Miti haitaki maji."

"Miti inakauka haitaki maji? Umeambiwa na nani, jini?"

"Yamezidi, ami. Inaoza kwa maji."

Yule mzee akacheka, lakini cheko lake lilikatika njiani. "Tangu nizaliwe ukingoni mwa falaji hili sijamsikia mtu akisema maji yamezidi. Maji yangu yamekuulia miti, ndiyo unayotaka kuniambia?"

"Hasha. Mimi ndiye niliyeyatuamisha."

"Lakini ni yangu uliyoyatuamisha."

Baba akatafuta neno, Kiarabu chake kikamtupa. Akasema tu, "Usinichukie, ami." Nilisikia makubadhi ya mzee yakienda zake juu ya kokoto. Hakutununia, maana mtu mwema hajui kununa, lakini habari ilienea kuwa mtu wa Zinjibari anakataa maji, na hakuna aliyekuja tena ukutani kumwita baba. Alikuwa amezoea sauti zile. Jioni nilimwona akikaa pale pale na ukuta umenyamaza.

Miti miwili aliyoisema Bibi ilikufa mapema. Baba aliing'oa mwenyewe, na mizizi yake, akachoma kila kitu, akaacha mashimo yapigwe na jua, maana tulikatazwa kupanda humo. Wa tatu ulinipa kijani asubuhi nyingi, nikawa namwambia baba "kijani" naye anaitikia "alhamdulillahi", halafu asubuhi moja ikawa kahawia, na kila asubuhi kahawia ikapanda juu zaidi. Nilikuwa sijui niseme vipi. Nilikuwa nasimama mlangoni na kisu, naye ananitazama uso, basi ananyanyuka kwenda kutafuta shoka.

Wa nne ulifuata katikati ya joto.

Wa tano ndio uliotutesa. Ulikuwa umeoza nusu tu ya shingo, nusu nyingine gome lilikuwa zima, na baada ya kupakwa mrututu ulianza kuziba, ukatoa mdomo wa gome jipya kuzunguka jeraha. Kisha ukachipua tawi moja, majani mapana, ya kijani kibichi. Baba alimleta mama aone. Mama akaligusa tawi, akasema, "Huu ni mtoto wa Bibi kweli, una kiburi." Wakacheka. Ilikuwa zamani sijawasikia wakicheka pamoja. Baba akaanza kusema mwakani hivi, mwakani vile, kwamba jike moja na dume moja yanatosha kuanzia, kwamba atauliza kupandikiza tawi.

Mwisho wa joto ule upande mzima ukakauka. Haukuwa upande wa jeraha. Ukasimama nusu umekauka na majani yake na nusu mbichi, kama mtu aliyepooza, na baada ya kitambo nusu ya pili ikafuata. Bibi alipoletewa habari alisema huenda ni yale maradhi ya biringani yaliyokuwa yamo tayari. Sijamwona mama akipanda biringani tangu siku ile.

Ulibaki dume.

Baridi ilipoanza akaja mtu kutoka Kuwaiti na maneno ya mjomba. Walikaa sebuleni, yeye na baba, na mama nyuma ya pazia, na mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya kahawa sijaingia. Yule mtu akasema yale yale: kazi ipo ghalani, shemeji asichelewe, nafasi haitangoja. Akangoja jibu. Sote tulilijua jibu. Nililisema mimi moyoni, neno kwa neno, nikamngoja baba naye alitoe mdomoni.

Baba akaugeuza mkono wake juu ya goti, kiganja juu. Akauliza, "Kazi yenyewe hasa ni ya namna gani?"

Niliingia na kahawa.

Alikwenda Matrah kumrudishia Bibi funguo, Bibi akakataa kuzipokea. Akamwambia nyumba hakumpa kwa sababu ya miti, akae, mkewe akae, mwanawe akae. Baba alipotusimulia mama akasema, "Umesikia basi. Hakuna anayekufukuza."

"Sikusema nafukuzwa."

"Na dume limebaki."

"Dume atamzalisha nani?"

"Kwa hiyo dume la shambani linabaki na la nyumbani linakwenda," mama akasema. Alikuwa anakunja kanzu za baba, na alizikunja vizuri sana, anazinyoosha pindo kwa kiganja. Baba alitaka kumjibu akamwona anavyokunja, akaacha.

Sikumwomba asiende. Nilitunga maneno, mengi, mazuri, kama insha, na kila nikimkuta peke yake sauti haitoki. Nilichoweza ni kuendelea na mashina, au na shina, maana lilibaki moja. Kila asubuhi nilikwenda na kisu kwenye changarawe ingawa hakuna aliyenituma tena. Baba alikuwa hapiti upande ule. Kama anakwenda kutawadha huzunguka nyumba kwa nyuma.

Siku ya safari gari la mizigo lilikuja kumchukua kwenda Matrah bandarini. Wanaume walikuwa wamejaa nyuma, wamekalia mizigo yao, na mimi nilikuwa mlangoni nimejitanda shela. Alimuaga mama ndani. Mimi alinishika kichwa akanisomea, halafu akapanda. Gari lilikuwa limeshawashwa ndipo alipogeuka, akanitazama juu ya vichwa vya watu, akaniuliza kwa sauti ili nisikie:

"Mti?"

Wanaume wote wakanitazama. Nilijitahidi. Sauti haikutoka, nikatikisa kichwa kuitikia, mara mbili, ajue kuwa ni kijani. Naye akaitikia kwa kichwa, akakaa juu ya mzigo wake, na gari likaondoka.

Ni kweli ulikuwa kijani. Niliukuna asubuhi ile, na nimeukuna leo pia.